Kipande, Posho na Ujira: Historia ya Ahadi za Waajiri Afrika Mashariki

Kabla ya reli kufika bara, kazi ya ujira iliyochukua watu wengi kuliko zote Afrika Mashariki ilikuwa upagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Saadani, Pangani na Mombasa ilihitaji mamia ya watu, na kila mmoja alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kwa miezi kadhaa. Mara nyingi mapatano hayo hayakuandikwa. Yalisemwa mbele ya mashahidi, nayo yalikuwa na sehemu tatu: ujira wenyewe, posho ya njiani, na arubuni ambayo mpagazi aliipokea kabla ya kuinua mzigo. Katika miaka ya 1870 mpagazi aliyeandikwa Unguja aliahidiwa kwa kawaida kama riali 5 za Maria Theresa kwa mwezi, naye alitaka ya miezi kadhaa aipate papo hapo. Wanyamwezi walipendelea kupatana kwa safari nzima, na walilipwa kwa nguo za merikani na kaniki, shanga au waya.

Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za misafara waliilaumu sana arubuni, wakisema mpagazi huichukua kisha akatoroka. Kwa mpagazi mambo yalikuwa kinyume. Mwenye msafara angeweza kufa njiani, kufilisika, kubadili safari, au kutoa nguo hafifu badala ya ile iliyotajwa siku ya kupatana. Kilichokuwa mkononi kilikuwa chake. Kilichobaki kilikuwa maneno ya mtu mwingine.

Posho ndiyo iliyoleta ugomvi zaidi. Mgao ulitolewa kwa nguo au shanga, na mpagazi alijinunulia chakula vijijini. Palipokuwa na njaa, bei ya mtama ilipanda mara mbili au tatu, lakini kipimo cha nguo kilibaki kilekile, na mwenye msafara aliweza kuapa kwamba ametimiza ahadi yake. Hapo wapagazi waliweka mizigo chini na kuketi. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, mara nyingi ndiye aliyewasemea. Bidhaa zilizokosa mabega ya kuzibeba hazikuwa na faida kwa yeyote porini, kwa hiyo mwenye msafara alikuwa na njia chache: kuongeza posho, kutumia viboko, au kungoja wapagazi waondoke mmoja mmoja usiku. Viboko vilijaribiwa mara nyingi. Mara nyingi pia vilishindwa, maana mpagazi aliyechapwa leo alikuwa hayupo kesho, na habari za bwana mchapaji zilifika Tabora kabla ya msafara wenyewe.

Kutoka katika upagazi kazi ya ujira ilirithi jambo moja ambalo halikuondoka kwa miaka mia iliyofuata. Waajiri wachache sana walikana deni waziwazi. Ahadi ilivunjwa katika kuhesabu: siku gani ni siku ya kazi, mwezi una siku ngapi, posho ni kipimo gani, na ni nani anayeshika daftari.

Serikali za kikoloni zilipoingia, kwanza zilibadilisha sheria ya utoro. Katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, iliyokuja kuitwa Kenya, sheria ya mabwana na watumishi ilitungwa mwaka 1906 na kupanuliwa mwaka 1910. Chini ya sheria hiyo, kuacha kazi kabla ya muda, kufanya kazi kwa uzembe au kumtukana bwana vilikuwa makosa ya jinai yenye faini au kifungo. Tanganyika, iliyotawaliwa na Waingereza baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1923. Mwajiri aliyezuia ujira naye aliweza kushtakiwa, na wapo walioshtakiwa. Lakini mizani haikuwa sawa. Ili kulalamika, mfanyakazi alipaswa kwenda kwa mkuu wa wilaya, pengine mwendo wa siku mbili, na akitoka shambani bila ruhusa alikuwa tayari ametenda kosa la utoro. Mwajiri alifika mbele ya hakimu na daftari lake. Mfanyakazi alifika na kumbukumbu zake.

Upande wa Wajerumani, walioitawala Tanganyika kabla ya vita hiyo, mambo yalianza kwa njia nyingine. Mkonge uliingizwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf. Kati ya miche aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana nayo yakaenea mashamba ya Tanga, Korogwe, Pangani na Morogoro. Mashamba yalitaka watu, na watu wa Usambara walikuwa na mashamba yao wenyewe. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, iliweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Aliyeshindwa kuonyesha kadi iliyojaa alipelekwa kwenye kazi za serikali. Ujira ulikuwepo, lakini kupatana bei hakukuwepo tena.

Kadi ya siku 30, iliyoitwa kipande, ndiyo iliyodumu. Waingereza waliikuta, wakaiendeleza, na kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa ndiyo kalenda ya mamia ya maelfu ya watu. Ilikuwa karatasi ngumu yenye jina la mtu, nambari yake na vyumba 30 vitupu. Alfajiri mnyapara aliita majina na kugawa kazi. Mkataji wa mkonge alipewa idadi ya mizigo ya majani, kila mzigo ukiwa na majani 30 yaliyofungwa, na alitakiwa kuyapanga kando ya njia ya toroli ili yahesabiwe. Akimaliza, karani alitia alama katika chumba kimoja. Asipomaliza, hakutia kitu. Majani aliyokwisha kukata yalikwenda kiwandani yakasagwa, nyuzi zikakaushwa na kuuzwa, lakini katika kadi siku ile haikuwepo.

Ujira ulitajwa kwa kipande, si kwa mwezi, na hapo ndipo wageni walipodanganyika. Mtu aliyeambiwa huko kwao Kigoma au Songea kwamba atapata shilingi kadhaa kwa kipande alidhani ni mwezi wa kawaida. Alipofika shambani alikuta Jumapili hazihesabiwi, siku ya homa haihesabiwi, siku ya mvua kubwa ambapo kazi ilisimamishwa haihesabiwi, na siku ambayo karani alisema majani ni mafupi au yamefungwa vibaya haihesabiwi pia. Kipande cha siku 30 kilijaa baada ya wiki sita, saa nyingine zaidi. Hakuna aliyemwongopea kwa maneno. Kiasi kilichotajwa kililipwa; ila muda wake ulikuwa mwingine.

Kadi ikipotea au ikilowa mvua, hesabu ililala kwenye daftari la ofisi peke yake. Ndiyo maana wafanyakazi waliiweka ndani ya kopo la bati au kuifunga kwenye pindo la nguo. Posho ya unga, maharage na chumvi ilitolewa kwa kila siku iliyotiwa alama, kwa hiyo aliyekosa alama alikosa vyote viwili. Duka la karibu na shamba lilimkopesha hadi siku ya malipo, kwa bei ya dukani.

Wapo waliokipenda kipande, na historia isiyosema hivyo itakuwa na upungufu. Mtu aliyeishi karibu na shamba aliweza kufanya kazi siku nne, akalima mahindi yake siku mbili, kisha akarudi bila kuitwa mtoro, mradi akijaze ndani ya muda uliowekwa. Kwake kipande kilikuwa uhuru kidogo. Kwa manamba, walioletwa kutoka mbali kwa mkataba na ambao hawakuwa na shamba la kurudia jioni, kilikuwa kamba. Sehemu ya ujira wao ilizuiwa hadi mkataba uishe, kwa maelezo kwamba wangeitapanya, na kwa kuwa fedha ilikuwa kwa bwana, kuondoka mapema kulikuwa ni kuiacha. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyokusanya manamba kutoka magharibi na kusini mwa Tanganyika na hata ng'ambo ya mipaka, ikaendelea hadi 1965.

Kulikuwa na mtu mmoja wa serikali ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia hayo. Tanganyika ilianzisha idara ya kazi mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne, na maofisa wake walitembelea mashamba, wakasikiliza malalamiko na kukagua madaftari. Mwaka 1931, mdororo wa uchumi ulipobana, serikali iliifunga idara hiyo kupunguza gharama. Ilikuwa miaka ileile ambayo bei ya mkonge ilianguka na ujira wa kipande ukashushwa sana. Idara haikufufuliwa hadi 1938. Ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi wa thamani ambayo serikali iliiweka juu ya ahadi za ujira.

Nchini Kenya jina lilelile la kipande lilibeba kitu kingine pia. Palikuwa na kadi ya siku 30, na palikuwa na cheti cha usajili kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya umri wa miaka 16 hivi alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kopo dogo la chuma. Kilikuwa na alama za vidole, kabila, jina la mwajiri, tarehe ya kuandikwa, kiasi cha ujira na tarehe ya kuachishwa. Kufikia 1931 vyeti zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachia mtu, hakuna mwajiri mwingine aliyeruhusiwa kumwandika. Sahihi hiyo ilikuwa silaha. Mfanyakazi aliyedai shilingi zake zilizobaki aliweza kuambiwa achague kati ya fedha na sahihi, na mwenye akili alichukua sahihi akaenda zake. Ujira ulioandikwa kwenye cheti nao ulimfuata: bwana mpya alisoma alicholipa bwana wa zamani, akatoa hichohicho.

Kabla cheti hicho hakijaanza, vita ilikuwa imekwisha kuacha deni kubwa kuliko yote. Kati ya 1914 na 1918 jeshi la Uingereza liliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, na baadaye Tanganyika, wengi wao kwa nguvu. Makambi yao yaliacha majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Ujira wa mwanzo ulipunguzwa vita ilipokuwa inaendelea: mpagazi aliyechukuliwa kwa lazima alipangiwa rupia 5 kwa mwezi, na 6 baada ya miezi mitatu. Sababu mojawapo ilisemwa bila aibu na walowezi, kwamba jeshi likilipa zaidi, watu wa mashambani nao watataka zaidi.

Waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko risasi. Ujira wao wa miezi mingi ulikuwa haujachukuliwa. Warithi hawakupatikana, au hawakutafutwa. Majina yaliandikwa na makarani wasiojua lugha za wenye majina, mtu mmoja aliandikwa mara mbili, kijiji kiliandikwa kwa jina la jumbe aliyekwisha kufa, na nambari za chuma zilipotea pamoja na miili. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi hao, alishikilia kwa miaka kwamba fedha ni za watu wake na kama ndugu hawajulikani basi zitumike kwa faida ya jamii walikotoka. Hazina ya London ilikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sanamu za kuwakumbuka zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na shaba ilipatikana kwa urahisi kuliko rupia.

Ahadi iliyofuata kuvunjwa ilisababisha damu kumwagika mjini. Mwaka 1920 rupia ilifungwa kwenye kima cha shilingi mbili badala ya shilingi moja na peni nne za kabla ya vita, na muda mfupi baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Walowezi waliokuwa na madeni na walipaji wa ujira walijikuta wakilipa zaidi kwa hesabu ya London huku bei ya mazao ikianguka. Mwaka 1921 waliafikiana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Kodi haikupunguzwa. Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, alikusanya watu katika chama cha East African Association na kusema dhidi ya kipande, kodi na upunguzaji huo. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulisimama mbele ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliowachochea wanaume wasogee mbele, na polisi wakapiga risasi. Hesabu rasmi ilitaja watu 21 waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Si kila ahadi ilikuwa ya fedha. Katika nyanda za juu za Kenya familia nyingi zilihamia mashamba ya walowezi kwa mapatano ya aina nyingine: wao watoe kazi, mlowezi awape mahali pa kulima na kuchungia. Sheria ya 1918 iliweka angalau siku 180 za kazi kwa mwaka. Ujira wa fedha ulikuwa mdogo, na walioukubali waliukubali kwa sababu mali yao halisi ilikuwa ng'ombe na mbuzi. Kufikia miaka ya 1920 walowezi waliona mifugo hiyo ni mingi mno, wakaanza kuiondoa katika kampeni ambayo wenyewe waliofanyiwa waliiita kifagio. Mtu aliyekuwa na ng'ombe thelathini aliambiwa abaki na wachache au asiwe nao kabisa, bila fidia, na ujira wa fedha haukupandishwa kujaza pengo. Sheria ya 1937 ikaruhusu siku za kazi zizidi 240. Ukiitazama kwa jicho la mkataba, familia ile ilikuwa imeandikwa kwa masharti fulani na sasa inafanya kazi zaidi kwa masharti mengine, katika ardhi ambayo haikuruhusiwa kudai.

Bandarini mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ilitokana na kibarua. Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam waliandikwa kwa siku. Asubuhi serahangi, msimamizi wa makuli, alichagua kundi lake langoni, jioni likalipwa. Ahadi ya siku moja ni ngumu kuivunja kuliko ahadi ya miezi sita, na kuli aliyepunjwa jana hakurudi leo kwa bwana yule. Wengi walifanya kazi siku chache kwa wiki na kujitafutia kwingine. Wafanyakazi wa mwezi wa serikali na reli ndio waliokuwa na la kudai, kwa sababu wao waliahidiwa vitu vya kuja: nyongeza, nyumba, likizo.

Nyumba ndiyo iliyowasha mgomo wa 1939. Sheria ya Kenya ilimtaka mwajiri ampe mtumishi wake mahali pa kulala au fedha ya pango, na huko Mombasa waajiri wengi, serikali ikiwemo, hawakutoa hiki wala kile. Wenye nyumba za mtaa wa Majengo walipandisha kodi ya chumba, na mwezi Julai wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali waliacha kazi wakidai kile ambacho sheria ilikuwa imekwisha kuwapa. Walipofanikiwa kupata posho ya nyumba, wengine waliona njia: mgomo ukaenda kampuni hadi kampuni na kufika bandarini. Tume ya Willan iliyoundwa baadaye ilithibitisha hali mbaya ya nyumba za kisiwa hicho. Mwezi uleule makuli wa Dar es Salaam nao waligoma.

Vita ya pili ilipandisha bei za kanga, mchele na mahindi haraka kuliko ujira. Ziliundwa kamati, zikatolewa posho za ugumu wa maisha kwa baadhi na wengine wakaachwa, na kamati ya Phillips ya 1945 iliandika kwa undani jinsi mfanyakazi wa Mombasa anavyoishi kwa mkopo. Ripoti hiyo haikumwongezea mtu senti. Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili hivi: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na hapo kikazaliwa chama kilichokuja kuitwa African Workers' Federation, rais wake akiwa Chege Kibachia. Hakikuwa chama cha bandari wala cha reli, bali cha kila anayelipwa, na hilo ndilo lililoitisha serikali.

Mgomo ulimalizwa kwa ahadi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alifika kutoka Nairobi na kuwaambia waliogoma kwamba baraza la usuluhishi litaundwa likiongozwa na jaji. Safari hii ahadi ilitimizwa, na ni vizuri kutazama jinsi gani. Baraza la Jaji Thacker liliketi, likapandisha ujira wa chini, likaweka posho ya nyumba, malipo ya saa za ziada na likizo yenye malipo. Lakini nafuu hizo ziliegemea wafanyakazi wa mwezi wa waajiri wakubwa, na wengi waliokaa juani Kiwanja cha Maskini hawakuguswa au waliguswa kidogo. Kibachia alianza kuzunguka Kenya kueneza chama. Agosti 1947 alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, akabaki kizuizini kwa miaka kumi.

Migomo mingine ilifuata kwa mfululizo: Dar es Salaam mwezi Septemba 1947, ukasambaa kando ya reli ya kati, na Zanzibar mwaka 1948, ambako mahamali wa bandari walianza na mji mzima ukafuata. Funzo ambalo serikali ililichukua halikuwa lile wafanyakazi walilotaka. Ilikata shauri kupunguza vibarua na kuwa na makuli walioandikishwa, wachache na wa kudumu, wenye kadi na daftari. Mfanyakazi wa kudumu anaweza kuahidiwa kiinua mgongo, na anayengoja kiinua mgongo hufikiri mara mbili kabla ya kugoma. Hata hivyo mwaka 1955, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Kenya, makuli wa Mombasa waligoma tena. Kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, alifika kuwasemea, na msuluhishi akawapa nyongeza ya asilimia 33.

Mashamba ya mkonge yalichelewa. Chama cha wafanyakazi wa mkonge kilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya Victor Mkello, na mgomo wa Mazinde mwaka 1958 ulikuwa miongoni mwa mirefu ya wakati huo. Uhuru ulipokuja Tanganyika sheria zilitungwa haraka. Mwaka 1962 ililetwa sheria ya kiinua mgongo kwa mfanyakazi anayeachishwa, na kipande kikaondolewa katika miaka hiyohiyo ya mwanzo. Januari 1963 ulianza kutumika mshahara wa chini, shilingi 150 kwa mwezi Dar es Salaam. Mwaka 1964 ilifuata sheria iliyomzuia mwajiri kufukuza au kukata mshahara apendavyo, pamoja na mfuko wa akiba wa wafanyakazi. Mwaka huohuo vyama huru vilivunjwa na kuwekwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na chama tawala. Mfanyakazi alipewa kinga nyingi kwenye karatasi na kunyang'anywa ile aliyoijua tangu enzi za misafara, ya kuweka mzigo chini.

Kwa kizazi cha uhuru kazi iliyoaminika kuliko zote ilikuwa ya mashirika ya Afrika Mashariki: reli, bandari, ndege, posta na simu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 uliyafanya mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na aliyeajiriwa humo alichangia mfuko wa pensheni uliosimamiwa kwa pamoja. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Wafanyakazi waligawanywa kwa uraia, ofisi zikagawanywa kwa mahali zilipo, na madaftari yakabaki yalipokuwa, aghalabu nchi nyingine na mwenye haki. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kugawa mali na madeni, na makubaliano yake yalitiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake pensheni na mafao waliyochuma hadi tarehe 30 Juni 1977.

Hapo suala la hesabu likarudi kwa nguvu zake zote. Mafao yahesabiwe kwa mshahara wa 1977 au kwa thamani ya fedha ya siku ya kulipwa? Shilingi iliyoahidiwa ilikuwa ya nauli na chakula cha miaka ya sabini; shilingi ya miaka ya tisini ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile. Riba ihesabiwe au isihesabiwe? Mtumishi aliyepoteza barua ya ajira athibitishe vipi miaka yake? Wazee wa Tanzania walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 serikali ilifikia nao makubaliano mbele ya Mahakama Kuu na kuanza kulipa, lakini wengine walirudi kulalamika kwamba walicholipwa ni pungufu. Wapo waliofariki wakiwa kwenye foleni, na warithi wao wakatakiwa kuleta hati za mirathi.

Wenzao wa Kenya, zaidi ya 700 kwa pamoja, walipeleka shauri lao Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, iliyoundwa chini ya mkataba mpya wa Jumuiya wa 1999. Mwaka 2012 kitengo cha rufani cha mahakama hiyo kiliamua kwamba mkataba wa 1999 haurudi nyuma kushughulikia madai ya Jumuiya iliyokufa 1977. Shauri liliishia kwenye hoja hiyo ya tarehe, na mafao ya wadai hayakujadiliwa.